Jina la Kijitabu Lililofikishwa Mahakamani

Katika maandishi yaelezayo jinsi kampuni kubwa zilivyoingia katika zahanati na nyumba za mashambani, kijitabu cha Mike Muller, The Baby Killer, kilichotolewa mwaka 1974 na shirika la War on Want la Uingereza, kina mahali pake. Kilichunguza biashara ya maziwa ya unga ya watoto katika nchi maskini. Sisi tufundishao lugha twakitazama pia kwa ajili ya jina lake.

Kwa Kiswahili lingekuwa "Muuaji wa Watoto Wachanga". Muuaji ni nani? Jina halimtaji. Kikundi kimoja cha Bern, Uswisi, kilipokitafsiri kwa Kijerumani mwaka huohuo, kilisema wazi: "Nestlé Yaua Watoto". Nomino ikawa sentensi, kitendo kikapata mtendaji. Kampuni ikashtaki. Mwaka 1976 mahakama iliwatoza wanakikundi faranga 300 kila mmoja kwa ajili ya jina hilo, huku hakimu akiitaka kampuni ifikirie upya namna yake ya kutangaza bidhaa.

Kwetu jina la kwanza ndilo la haki zaidi, maana kijitabu chaeleza mnyororo, si pigo moja. Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, mshahara wake ukitoka kwa kampuni, anamfundisha mzazi na kumwachia kopo la bure. Kopo likiisha, maziwa ya mama yamekwisha kupungua. Unga ni ghali, mama auzimua kwa maji mengi. Maji ni ya mtoni, kuni chache, chupa haichemshwi. Mtoto aharisha, akonda. Dakta Derrick Jelliffe, aliyewahi kufundisha Makerere, aliuita huo utapiamlo uletwao na biashara. Lituumalo zaidi ni ile sare: mama wa kijijini aliliamini vazi ambalo hospitali zilikuwa zimemzoeza kuliheshimu.

Wako watakaosema kwamba jina la upole lisingesikika mbali. Huenda, kesi yenyewe ndiyo iliyokivumisha kijitabu.

Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za biashara hiyo kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Kifungu cha 9 chataka maelezo ya kopo yasomeke kwa urahisi, katika lugha ifaayo. Katika nchi zetu, ambamo mama hununua sokoni kwa Kiswahili na maandishi ya dukani huwa ya Kifaransa au Kiingereza, neno hilo "ifaayo" twapenda kulijadili na walimu wenzetu.