Nukta Mahali Pake

Nukta ni alama ndogo, lakini anayeiweka anakula kiapo kwamba wazo limetimia. Katika Kiingereza kiapo hicho kina masharti: awepo anayezungumziwa, kiwepo na kitenzi kilichobeba wakati. Kimoja kikikosekana, au vyote viwili vikiwepo lakini vimefungwa nyuma ya neno kama "because" au "when", sentensi imekatwa njiani. Kulisikia pengo hilo na kuliziba ni ufundi, nami nauheshimu kama ninavyoheshimu kazi ya fundi yeyote wa mji huu.

Hapa Likasi pengo hilo hujitokeza zaidi kwenye barua ya kuomba kazi. Mji wetu umekulia juu ya shaba. Tangu Union Minière iliyoundwa mwaka 1906 mpaka Gécamines iliyoirithi, ofisi zilisema Kifaransa. Siku hizi kuna kampuni za kigeni, na kuna biashara inayopita Kasumbalesa kuelekea Zambia, basi kijana anajikuta akiandika Kiingereza. Anafunga barua yake hivi: "Hoping for a favourable answer." Nukta. Nani anayetumaini? Barua haisemi.

Tusimwite mvivu. Shule imemfundisha kufunga barua ya Kifaransa kwa "dans l'attente d'une suite favorable", ila kwa Kifaransa hapo ni mlangoni tu. Mwandishi huweka mkato, akajitaja, akamaliza na salamu zake. Kijana amevusha nusu ya kwanza peke yake. Vivyo hivyo "d'où", ambayo Kifaransa huiacha ianzishe sentensi isiyo na kitenzi bila kuona haya. Mwanafunzi akiigeuza neno kwa neno anapata "From where the importance of copper", na msomaji wa Kiingereza anabaki akingoja kitu ambacho hakiji.

Kiswahili nacho kina sehemu yake. Kwetu kiima kinakaa ndani ya kitenzi: mtu akisema "Banakuya", sentensi imekamilika kwa neno moja. Tena twaweza kusema "Juma mwalimu" tukaeleweka. Lakini lugha hiyohiyo ndiyo inayotupa kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Chukua maneno haya ya daftarini: "When the train arrived in Likasi." Mwambie mwanafunzi ayaseme kama anavyosema nyumbani, "wakati treni ilifika Likasi", au kama vitabu vinavyotaka, "treni ilipofika Likasi", kisha anyamaze. Darasa zima litauliza: ikawaje? Swali hilo likizuka, sentensi haijafika. Hakuna kanuni ya kukariri iliyo wazi kuliko hiyo, na sikio linaloijua kila mtoto amelipata kwa mama yake.

Kurekebisha ni kazi nyingine, na ndipo fundi anapopimwa. Mara nyingi kipande kilichokatwa kina mwenyewe hapo jirani. "We stayed at home. Because the rain was heavy." Ondoa nukta, shusha herufi kubwa, kwisha. Lakini "The workers of Shituru." haina jirani. Waligoma? Walilipwa? Walizikwa? Msahihishaji anayejaza kitenzi kwa kukisia amemwandikia mwenzake maisha yasiyo yake. Hapo kalamu nyekundu inawekwa chini, na mwandishi anaulizwa.

Naikumbuka kazi ya André Yav, aliyeandika mwaka 1965, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Maandishi hayo hayakufuata nukta za shule. Johannes Fabian, alipoyatayarisha hadi yakachapishwa mwaka 1990, alihitaji yasomwe kwa sauti na mwenye lugha, Kalundi Mango, ndipo mipaka ya sentensi ikasikika. Hakumsahihisha Yav, alimsikiliza. Msahihishaji wa Kiingereza afanye vilevile kabla ya kugusa neno lolote: asome kwa sauti.

Na kuna vipande vya kuachwa vilivyo. Septemba 1961, mji huu ukiitwa bado Jadotville, kikosi cha Waairlandi wasiozidi mia na sitini, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kilizingirwa hapa na jeshi la Katanga lililowazidi mara nyingi. Kamanda wao, Pat Quinlan, alituma ujumbe kwa redio kwamba watashikilia mpaka risasi ya mwisho, kisha akaongeza: "Could do with some whiskey." Kiima hakipo. Ni sisi? Ni mimi? Waliokuwa upande wa pili wa redio walijua vizuri sana ni nani, na kuongeza "we" pale kungeondoa sauti ya mtu aliyechoka anayewasemesha wenzake. Mimi nisingeigusa.

Quinlan alikuwa akizungumza na watu wanaomfahamu. Kijana wetu anamwandikia mkuu wa kampuni ambaye hajawahi kumwona, na karatasi ile ndiyo itakayoingia ofisini kabla yake. Basi afute "Hoping", aandike "I hope to hear from you", na ile "I" isimame wima mwanzoni mwa mstari, kwa kuwa anayeomba kazi ni yeye.