Fundi Akae Kimya

Mwaka 1997 kampuni ya Valve, ya jimbo la Washington nchini Marekani, ilikuwa na gemu iliyokaribia kutoka. Silaha zilifyatuka, maadui walitembea, ramani zilikuwa tayari. Kilichokosekana ni raha. Watengenezaji wakaibomoa na kuijenga upya karibu yote, na Half-Life ilipotoka Novemba 1998, wachezaji waliipokea kwa shangwe. Katika ujenzi huo wa pili walitumia njia moja inayostahili heshima kuliko inavyopewa: walimwita mtu wa nje, wakamkalisha mbele ya kompyuta, wakamtazama akicheza bila kumwambia neno.

Kikao cha kawaida kilichukua saa mbili. Waliounda sehemu iliyokuwa ikijaribiwa walikaa nyuma ya mgeni, wakaandika walichokiona. Sharti la kunyamaza ndilo lililokuwa gumu. Umejenga chumba, mlango wa kutokea umeuweka mahali ambapo, kwa macho yako, hauwezi kumpita mtu. Mgeni anauzunguka dakika ishirini. Anapapasa kuta, anarudi alikotoka, anaanza tena. Ulimi unakuwasha, maana neno moja tu lingemtoa. Lakini neno hilo halitauzwa pamoja na gemu. Atakayeinunua atacheza usiku nyumbani kwake, na wewe hutakuwapo kumnong'oneza. Basi unanyamaza, unaandika, na kesho yake unausogeza mlango.

Kikao kimoja kiliweza kuzaa mambo kama 100 ya kurekebisha, kuongeza au kufuta. Hadi kazi inakwisha, vikao vilikuwa vimepita 200.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasimhoji mgeni tu? Kwa sababu mgeni ana adabu. Atasifu mapishi, ilhali sahani aliyoirudisha nusu ndiyo inayosema kweli. Mtazamaji hodari huangalia mkono uliosita, jicho lililopita juu ya kitufe bila kukiona, mahali mtu alipoacha kucheka. Mchezaji anajua fika kwamba kuna kitu kinamkera, ila dawa yake si kazi yake kuitafuta. Hiyo ni kazi ya fundi.

Na hapo ndipo ustadi unapoonekana. Kampuni hiyo hiyo ilipotengeneza gemu ya Portal, iliyotoka mwaka 2007, iliweka chumba kirefu ambamo mchezaji alipaswa kubeba sanduku moja tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wakawa wanalisahau njiani. Fundi mvivu angebandika tangazo: usiache sanduku. Wao walilichora moyo, kisha sauti inayoongoza gemu ikaanza kulizungumzia kama sahaba. Wachezaji wakalishika wasiliachie, na baadaye watengenezaji wakawalazimisha kulichoma moto mwishoni. Usahaulifu wa wageni ukazaa kitu ambacho mashabiki wa Portal wanakikumbuka hadi leo.

George Fan, aliyebuni Plants vs. Zombies ya mwaka 2009, alitaka hata mama yake aiweze. Katika gemu hiyo unapanda mimea kuwazuia mazombi, na alizeti ndiyo inayokupa jua, yaani mtaji wa kununulia mimea mingine. Mwanzoni alizeti iligharimu jua 100, sawa na mmea unaofyatua njegere. Wageni wakakimbilia silaha, wakasahau mtaji. Fan hakuongeza maelezo. Alishusha bei ya alizeti hadi 50, na wachezaji wakaanza kuipanda mapema bila kuhubiriwa.

Mchezaji wa kawaida hatajua kamwe kwamba mlango ulihamishwa au bei ilishushwa. Ataona tu kwamba gemu inaeleweka, na atajisifu kwamba ana akili. Fundi hupokea malipo yake kwa njia hiyo, bila kutajwa.

Nawe unayetengeneza gemu, au hata programu ya simu ya kulipia bili ya maji, usiitoe kabla ya kumwita mtu asiyeijua. Mpe simu, kaa nyuma yake, funga mdomo. Akikwama, usimfundishe yeye; rekebisha kazi yako, kisha mwite mwingine.