Nyumba za Masisi na Fundisho la Tubondo

Uhakiki wa nyumba za kale aghalabu huanza na kuta ukaishia kwenye kuta. Ndivyo zinavyoelezwa nyumba za masetla wa Kibelgiji vilimani Masisi: jengo, bomba la moshi, malisho ya kijani yanayoteremka hadi bondeni. Maelezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kumtaja aliyekaa ndani na kumsahau aliyeondolewa ili nyumba ijengwe.

Lugha nayo husaidia kusahau. Katika Kiswahili sanifu, neno shamba humfaa mwenye migomba michache, na pia mwenye mamia ya hekta. Masisi hutenganisha mambo hayo kwa neno la Kifaransa, ferme: shamba hulimwa na jamaa, ferme humilikiwa kwa hati. Hati hiyo ina historia. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilipewa mamlaka ya kuwagawia masetla ardhi. Baina ya 1937 na 1955 utawala uliwahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, wakitarajiwa pia kuwa nguvukazi ya mashamba hayo. Tangazo la tarehe 30 Novemba 1973 liliwanyang'anya wageni mali zao. Hata hivyo, ferme nyingi ziliwaangukia wachache waliokuwa karibu na serikali, si wakulima. Machi 1993, mapigano yalizuka sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Ardhi haikuwa sababu pekee, lakini haikukosekana.

Kigezo cha kuzihakiki nyumba hizo kimo papo hapo, katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale. Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kutoka kwa manju She-Karisi Rureke, na kuuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Humo, Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anajaribu kumwua mwanawe; radi inauteketeza mji. Mwindo anaporejea anawafufua watu wa Tubondo, lakini kisa hakiishii hapo. Shemwindo analazimika kukiri makosa yake hadharani, ndipo utawala unapopangwa upya.

Huenda ikadaiwa kwamba utendi si hati ya ardhi, na dai hilo ni sahihi. Hata hivyo, utendi huonyesha jamii iliyoutunga inahesabu nini kuwa ukarabati. Kwa mizani hiyo, kuipaka rangi nyumba ya setla na kuiita urithi ni kuinua mji bila baraza. Urithi utaanza pale maelezo ya nyumba yatakapotaja, pamoja na mwenye hati, waliolima kabla yake, walioletwa kumfanyia kazi, na waliorithi ferme bila kurithi lawama. Kuacha hayo ni kukarabati kuta tu.