Mgeni ni Nani? Filamu ya Men in Black katika Usimulizi wa Kiswahili

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi si ngeni kwa wahakiki wa Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyekutana naye katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kazi katika Kufa na Kupona (1974), wamejadiliwa mara nyingi, ama kwa sifa ama kwa lawama. Upo hata hivyo upelelezi mwingine unaowafikia watu wengi kwa Kiswahili, nao haujashughulikiwa ipasavyo: ule wa filamu za kigeni zinazosimuliwa katika vibanda vya video.

Makala hii inachunguza filamu moja ya aina hiyo, Men in Black (1997), iliyoongozwa na Barry Sonnenfeld, kama nilivyoitazama pamoja na wachuma chai katika kibanda kimoja karibu na Litein, baina ya Kericho na Bomet. Hoja yangu ni kwamba uzito wa filamu hii umebebwa na neno moja, na kwamba msimulizi anapolifasiri neno hilo anatoa uamuzi wa kimaadili, si wa kimsamiati tu.

Msimulizi na mapokeo yake

Msimulizi wa filamu hakuzuka jana. Katika jaribio la filamu za mafunzo la miaka 1935–1937, lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, picha ziliambatana na maelezo katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Siku hizi kazi hiyo imeachana na serikali na kuwa sanaa ya sokoni. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia jina kwayo. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Msimulizi hafasiri sentensi kwa sentensi. Hupunguza, huongeza, huwapa wahusika majina, na huwasemesha kama watu wa hapa. Kwa hiyo tunapoihakiki filamu iliyosimuliwa tunahakiki tungo mbili zilizofungwa pamoja.

Katika nchi ya chai, Kiswahili cha msimulizi kina kazi ya ziada. Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya huchuma majani katika mashamba yale yale, na jioni lugha inayowakutanisha mbele ya picha ni hiyo moja.

Wapelelezi wawili wasiolingana

Filamu inahusu idara ya siri inayosimamia viumbe wa sayari nyingine wanaoishi duniani kwa sura za binadamu. Mzee K (Tommy Lee Jones) ni mkavu wa maneno, asiyecheka. Kijana J (Will Smith), aliyekuwa polisi wa New York, ni mwepisi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Ucheshi wote unatokana na kutolingana kwao.

Katika Kiingereza kutolingana huko kunategemea rangi, mtaa na lafudhi. Mambo hayo hayasafiri kwa urahisi. Msimulizi wa Litein aliyaacha akajenga upya juu ya umri: kijana alimwita mwenzake "babu". Uteuzi huu ni wa busara. Angemwita "baba", mizaha yake ingekuwa utovu wa adabu. Baina ya babu na mjukuu, lakini, utani ni halali, hata ni wajibu. Uhusiano ambao katika filamu ni wa kikazi ukawa wa ukoo, nao watazamaji waliutambua mara moja. Bwana Msa na Najum ni jozi ya namna hiyo: mmoja anajua, mwingine anauliza, na msomaji anacheka na yule anayeuliza.

Mgeni, kiumbe, dude

Hapa ndipo penye kiini. Neno la Kiingereza "alien" lina maana mbili: mtu asiye raia, na kiumbe wa sayari nyingine. Filamu inafunguka kwa kulichezea neno hilo. Askari wa mpaka wa Marekani wamelisimamisha gari lililobeba watu kutoka Mexico. K anafika, anazungumza na wasafiri kwa Kihispania, anamtenga mmoja ambaye kwa hakika ni kiumbe wa mbali aliyejificha, na kuwaruhusu wengine waendelee na safari. Askari walimtafuta "alien" wa aina moja. K alimtafuta wa aina nyingine. Baadaye tunaoneshwa makao ya idara, ambako viumbe wa kila umbo wanapita ukaguzi kama abiria katika kiwanja cha ndege. Kejeli ni dhahiri.

Neno la Kiingereza ni la sheria. Neno letu "mgeni" ni la nyumbani. Mgeni hukaribishwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena mgeni ana muda wake: siku mbili, na ya tatu hupewa jembe. Kwa hiyo msimulizi akisema "wageni" pale penye ukaguzi, anaingiza katika filamu wajibu ambao Kiingereza hakikuuweka.

Msimulizi niliyemsikia alianza kwa tahadhari. Yule wa mpakani alikuwa "kiumbe", tena kwa upatanisho wa ki-: kimejificha, kimeruka, kimepasuka. Katika makao ya idara alibadili: "wageni wamefika, wanasubiri". Adui mkuu, mdudu aliyevaa ngozi ya mkulima Edgar, alibaki "dude" hadi mwisho, nalo lilikuja, lilikula, liliua. Sarufi imara inatufundisha kwamba viumbe hai hupatanishwa kwa a- na wa-. Msimulizi anaijua kanuni hiyo kama sisi, na anaivunja kwa makusudi. Kwa viambishi vitatu amepanga ngazi ya utu: nani ni mtu, nani ni kitu, nani bado hajaamuliwa.

Mahali pengine jambo hili lingekuwa la isimu tu. Kericho si hivyo. Wachuma chai wengi walitoka magharibi na Nyanza. Kinyume cha methali, walipewa kikapu siku ya kwanza, na wajukuu wao bado wanaitwa wageni. Katika ghasia za mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, neno hilo lilitosha kumfukuza mtu nyumbani. Kwa upande mwingine, Wakipsigis walionyang'anywa ardhi na wakoloni waligeuzwa kuwa wageni katika nchi yao wenyewe. Hakuna aliyekaa kibandani ambaye neno "mgeni" halikumgusa.

Kisahaulishi

Idara ina kifaa kidogo chenye mwanga, ambacho napendekeza tukiite kisahaulishi. Aliyeona ukweli humulikwa, akasahau, kisha akapewa hadithi nyingine. Filamu inakifanyia mzaha, na mzaha wenyewe ni mzuri. Lakini tuutazame kwa makini. Daktari wa chumba cha maiti amegundua ukweli, akafutwa kumbukumbu. J anamwuliza K kama naye aliwahi kumulikwa. K anakana, ilhali mtazamaji alishaona akimulikwa. Kibanda kizima kilicheka. Hata hivyo huo ni uongo wa mwenzi kwa mwenzi, na filamu haiurudii ili iulipe. Mwishoni K mwenyewe anaomba asahaulishwe ili arudi kwa mwanamke aliyempenda zamani. Kusahau kunaletwa kwetu kama rehema.

Hapa ndipo ninapotofautiana na filamu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa walaiboni, na ukoo wa Talai ukahamishwa kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu dhuluma walizotendewa Talai na Wakipsigis. Madai hayo yamefika huko kwa sababu wazee walikataa kusahau. Kwa hadhira ya namna hii, mwanga unaofuta kumbukumbu si rehema hata kidogo. Huo ndio udhaifu mkubwa wa maudhui: filamu inamtetea mgeni, kisha inamnyima mwenyeji haki ya kujua kwamba mgeni yupo.

Hitimisho

Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimsafirisha mhusika wake kwa chombo hadi nchi ya ajabu, na jina la nchi hiyo, likikatwa vipande, ni jibu: wale ni sisi. Men in Black inakaribia jibu hilo, kisha inalifunika kwa mwanga wa kisahaulishi. Msimulizi wa Litein, kwa kubadili kiambishi kimoja tu kutoka ki- hadi wa-, alilikaribia zaidi.

Nawaomba wenzangu tusiendelee kuwapuuza wasimulizi hawa kwa kuwa Kiswahili chao hakikupita mikononi mwa wahariri. Kila jioni wanaamua, mbele ya watu waliowahi kufukuzana, nani aitwe mgeni na nani aitwe dude. Kazi hiyo inastahili kuhakikiwa.