Mgeni wa Mwaka Mmoja

Mtu akifika Kabalo kwa treni kutoka Kalemie, baada ya safari ya kilometa kama 270 iliyomjaza vumbi hata masikioni, watu hawamwulizi kwanza jina lake. Humwuliza, "Utakaa siku ngapi?" Swali hilo lilinirudia mara nyingi nilipokuwa nikisoma kitabu cha Bibi Barbara Kingsolver wa Marekani, kiitwacho The Poisonwood Bible. Kilitolewa mwaka 1998, nao wasomao Kifaransa watakipata kwa jina la Les Yeux dans les arbres. Ni hadithi ya kutungwa. Lakini mwandishi aliishi Kongo kwa muda utotoni, na mengi ayasemayo twayatambua.

Mwaka 1959 mhubiri wa Kibatisti, Bwana Nathan Price, alikuja Kongo pamoja na mkewe na binti zao wanne, akakusudia kukaa mwaka mmoja tu katika kijiji cha Kilanga, upande wa mto Kwilu. Kwilu ni mbali na Lualaba yetu, lakini msomaji wa Kabalo hatapotea njia humo.

Bwana huyu alianza kwa kulima bustani. Mama Tataba, aliyewasaidia kazi za nyumbani, alimwonyesha jinsi ya kuinua matuta. Yeye akayasawazisha, kama walivyofanya kwao. Mvua ikanyesha, mbegu zikaenda na maji. Alionywa pia asiuguse mti fulani wenye utomvu mkali; akaugusa, akavimba. Baadaye akakubali matuta, mimea ikastawi ajabu, lakini haikuzaa, maana wadudu wa kuchukua unga wa maua yale ya kigeni hawakuwako. Sehemu hii naipenda kupita zote. Mwandishi hahubiri, atuonyesha maharagwe tu.

Tena alitaka kuwabatiza watu mtoni, nao hawakuja. Akawaona kuwa wagumu wa moyo, na miezi ikapita kabla hajaambiwa kwamba mamba alikuwa amemla msichana mahali pale. Hakuwa ameuliza! Na kila alipomsifu Yesu kwa neno la wenyeji lenye maana ya kitu cha thamani, alilitamka vibaya, watu wakasikia jina la mti ule wa sumu. Katika Kiswahili ukikosea matamshi watu watakuelewa hivyo hivyo. Katika Kiluba sauti ya juu na sauti ya chini hubadili maana ya neno, na wengi wetu twajua ilivyo kazi kuzuia kicheko mgeni anapotusalisha kwa lugha yetu. Mwishowe wanakijiji walipiga kura kanisani kama wamtaka Yesu ama sivyo: 11 walimtaka, 56 walikataa. Lakini msomaji aona wazi kwamba aliyekataliwa ni Bwana Price.

Tusimcheke kwa kuwa ni Mbatisti. Wa namna yake wamo kwetu pia. Padre Placide Tempels, Mfransisko, alifika Kongo mwaka 1933 akafanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake La Philosophie bantoue cha mwaka 1945 chabishaniwa hata leo, na wako Waafrika wasemao kwamba alitusemea mno. Hata hivyo alikiri mwenyewe kwamba miaka yake ya kwanza alifundisha kama bwana mkubwa, kabla ya kujua kusikiliza. Hiyo ilikuwa miaka, wala si wiki mbili.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba kosa la safari hizi za kimisioni ni ufupi wake. Bwana Price hakuondoka! Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, wenzake walikuwa wamekwisha kumshauri aende zake, akakataa. Jamaa yake wakapata njaa na hofu, na binti yake mdogo akafa kwa kuumwa na nyoka. Na huko Kongolo, makao ya Askofu wetu, tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari. Hao nao walikuwa wamekataa kuondoka. Ukitazama kwa nje tu, waona kukaa kule kule. Lakini wao walikaa kwa ajili ya wanafunzi na waamini wao, naye alikaa kwa sababu hakuweza kushindwa mbele ya watu. Mwandishi alionyesha jambo hili la pili vizuri sana; la kwanza halimo kitabuni mwake, isipokuwa kidogo katika Ndugu Fowles, mhubiri aliyemtangulia Price, aliyejifunza kukaa na watu.

Nina malalamiko mengine. Wasimulizi wote ni mama na binti zake. Mwalimu Anatole, aliyesimama kila Jumapili kuyafasiri mahubiri asiyoyakubali yote, ndiye mtu wa maana kuliko wote kijijini, lakini hapewi hata sura moja ya kusema mwenyewe. Kurasa zipatazo mia tano, na Wakongo husemewa tu. Kwa kitabu chenye kumlaumu mtu asiyesikiliza, kasoro hii si ndogo.

Nilimsimulia hadithi hii katekista mmoja mzee, ambaye ameongoza sala Jumapili nyingi pasipo padre. Kwenye habari ya maharagwe alicheka. Kwenye habari ya mtoto alinyamaza. Nilipomaliza akauliza, "Na yule mama alipokwisha kwenda zake na watoto, Jumapili iliyofuata nani aliwasalisha watu?"

Nilirudi kukitafuta kitabuni. Hakisemi.