Sanduku la Volti

Kwenye meza za mafundi wa simu mjini Thika, kifaa kinachoheshimiwa zaidi mara nyingi hakina jina la kampuni yoyote. Ni sanduku la bati lililokuwa king'amuzi cha televisheni. Limetobolewa upande wa mbele, likatiwa mita ndogo yenye tarakimu nyekundu na buluu, vidude viwili vya kuzungusha, na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zinazoishia kwenye vibanio vya meno. Mafundi huliita pawa saplai. La dukani lipo, linauzwa Luthuli Avenue, Nairobi, na mwenye mtaji hupanda gari la 237 asubuhi akarudi nalo mchana. Mimi nataka kulisifu hili la kujiundia. Huwezi kuliunda bila kuuelewa umeme, na kila uamuzi wa fundi umebaki ndani yake, unaonekana ukifungua kifuniko.

Kazi yake ni kutoa umeme kwa kipimo anachotaka mwenyewe: volti 1.25, volti 4, volti 12, na mkondo usiozidi pale alipouwekea mpaka. Simu iliyozima kabisa haimwambii fundi lolote kwa kioo chake cheusi. Mita ndiyo humwambia. Fundi huondoa betri, akabana nyaya mahali pake, akaipa bodi volti 4, kwa kuwa betri ya simu kwa kawaida huwa karibu na hapo. Kabla hajagusa kitufe cha kuwasha, ampea zinapaswa kuwa sifuri. Zikisoma chochote, kuna umeme unaovuja mahali. Akibonyeza, tarakimu zinapanda, zinashuka kidogo, zinapanda tena kadiri simu inavyoamka sehemu moja baada ya nyingine. Zikipanda kidogo na kuganda hapo, anaishuku kumbukumbu au programu. Zisipotikisika hata kidogo, anaanza na kitufe chenyewe na njia yake. Nimewaona wanaojua kazi hii wakitaja ugonjwa kabla hawajashika bisibisi, na wakifungua wanaukuta palepale walipousema.

Ukitaja mafundi wa jua kali, wengi huona jiko la makaa, sanduku la shule, lango la chuma. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyowafanya wachumi wa dunia waanze kuwahesabu mafundi hawa kama wazalishaji. Fundi wa vyombo vya umeme ni wa ukoo huohuo, ila kazi yake ni ndogo kwa umbo na haipigi kelele, kwa hiyo hupitwa bila kuonekana. Thika nayo ni mji uliolelewa na mashine. Reli ilifika mwaka 1913, vikafuata viwanda vya nguo, vya mafuta ya kupikia na vya mananasi. Ukienda Makongeni leo, vibanda vya simu vimepakana na vya kusuka mota zilizoungua, na wenye vibanda huazimana vyombo siku nzima.

Sanduku huanzia kwenye chaja ya laptopu iliyokosa mwenyewe. Chaja ya kawaida hupokea volti 240 za stima ukutani na kutoa volti 19 na ampea 3.42, yaani wati 65. Hapo fundi ameshaikwepa hatari kubwa. Stima inayoua imebaki ndani ya plastiki iliyofungwa kiwandani, na yeye anafanya kazi upande wa volti 19 tu. Wapo wanaoanza na transfoma ya redio ya zamani, nao hufika, lakini wanazigusa 240 kwa mikono yao wenyewe. Nikiulizwa, chaja ya laptopu ndiyo njia ya mtu mwenye busara.

Sasa hizo 19 zishushwe. Zamani fundi angechukua LM317, chipu ya miguu mitatu ambayo imefundisha vizazi vingi. Inaanzia volti 1.25, inabeba ampea 1.5, na resista mbili ndizo zinazoamua itoe ngapi. Ni chipu tulivu na umeme wake ni safi, ila ina gharama yake: kila volti inayozuiwa hugeuka joto. Ukiingiza 19 na kutoa 4 kwa ampea 1, volti 15 zilizokataliwa ni wati 15 za joto juu ya kipande kidogo kuliko kucha ya gumba. Lazima ufunge bati kubwa la kupozea, na kazi inayobaki upande wa pili ni wati 4 peke yake.

Siku hizi wengi hutumia bodi ndogo yenye chipu ya XL4015, ambayo hushusha volti kwa njia nyingine kabisa. Inafungua na kufunga njia ya umeme mara 180,000 kwa sekunde. Njia ikiwa wazi, koili ya shaba iliyo kando yake hujaza nguvu. Ikifungwa, koili huachilia ilichoweka, na kapasita husawazisha mawimbi. Ukitaka volti ndogo, chipu huiacha njia wazi kwa sehemu ndogo ya kila mzunguko. Joto linapungua sana, na bodi hubeba hadi ampea 5 kwa muda mfupi. Ina pia skrubu mbili ndogo za shaba, moja ya volti, nyingine ya kuwekea mkondo mpaka. Hiyo ya pili ndiyo inayowatenganisha wanaounda kwa pupa na wanaojua wanachounda. Sanduku lisilo na mpaka wa mkondo linaweza kuichoma bodi ya mteja kabla fundi hajanyanyua mkono.

Skrubu hizo ni za kuzungushwa kwa bisibisi, mizunguko mingi mpaka zifike mwisho, na hakuna anayetaka kupiga magoti mbele ya sanduku kila simu inapobadilika. Fundi huzing'oa, akavuta nyaya hadi mbele, akafunga vidude vya kuzungusha kama kile cha kuongeza sauti kwenye redio. Tatizo ni kwamba kidude cha namna hiyo hugeuka chini ya mzunguko mmoja, na ndani ya nafasi hiyo ndogo zimebanwa volti zote. Ukikigusa, 4 imekuwa 5. Dawa ni kufunga viwili vikifuatana katika njia hiyohiyo ya volti: kimoja cha omu 10,000 kikupeleke jirani, kingine cha omu 1,000 kikufikishe mlangoni. Nilipoelezwa nilifurahi sana, kwa kuwa hakuna chombo kipya kilichonunuliwa zaidi ya kidude cha bei ya andazi, ilhali sanduku lote limebadilika tabia.

Viungo ndivyo vinavyohitaji subira. Lehemu ya kawaida, bati kwa risasi 60 kwa 40, huyeyuka karibu na nyuzi 190, lakini haishiki vizuri waya ambao haujapata joto. Fundi mzuri hupasha waya na mguu wa kifaa kwanza, kisha huleta lehemu iyeyukie hapo yenyewe, bila kuidondosha kutoka kwenye kichomeo. Kiungo kilichokubali hung'aa na kukumbatia waya kwa mteremko. Kilichokataa kina rangi ya majivu, kimesimama duara. Hicho kitafanya kazi leo na kitakusumbua mwezi ujao, hasa mahali panapopita ampea 3. Ndani ya bati hutandikwa kadibodi au plastiki ngumu ili sehemu ya chini ya bodi isiguse chuma, na tundu la waya huvalishwa mpira ili bati lisiukate.

Kabla sanduku halijaaminiwa hupimwa kwa balbu ya gari. Balbu ya indiketa ya wati 21 kwa volti 12 inapaswa kula ampea 1.75, na mita ya mbele ikisema kitu kingine, inarekebishwa kwa kulinganishwa na mita ya mkononi ambayo fundi anaiamini. Balbu inaachwa iwake, na fundi anaendelea na kazi nyingine huku akigusa bodi mara kwa mara kwa mgongo wa kidole. Koili ikiwa ya moto kupita kiasi, anatoboa matundu zaidi au anatafuta feni ya kompyuta mbovu. Hakuna anayemlipa kwa saa hizo.

Uzuri wa kuwa na kipimo mkononi nimeuona vizuri zaidi kwenye simu iliyoingia maji.

"Fundi, imekataa kabisa."

"Iliingia maji, mama?"

"Mtoto aliiangusha kwa beseni."

"Niachie mpaka jioni."

Mita ilionyesha shoti kwenye njia kuu ya umeme. Njia hiyo ina makumi ya kapasita zilizofungwa sambamba, na moja tu ikiharibika, zote zinaonekana mbovu mbele ya mita. Utaanzia wapi? Fundi alishusha volti hadi 1.25 na kuweka mpaka wa ampea 2. Volti 1.25 iko chini ya kile ambacho chipu nzima kwenye njia hiyo zimezoea, kwa hiyo haiwezi kuzidhuru, lakini umeme wote utakimbilia mahali palipoharibika na kupapasha moto. Akapaka spiriti juu ya bodi yote, ikang'aa kwa unyevu. Akagusisha waya. Kwa muda mfupi hakikuonekana kitu. Kisha, karibu na ukingo, doa dogo likakauka wakati kwingine kote bado kumelowa. Katikati ya doa kulikuwa na kapasita yenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu yake. Aliing'oa kwa hewa ya moto na koleo nyembamba, akarudisha volti 4, na ampea zikasoma sifuri. Simu iliwaka bila kapasita hiyo, kwa kuwa zilizobaki zinatosha kuufanya umeme utulie. Wati 2.5 kwa wingi wake wote ndizo zilizofanya kazi hiyo. Betri ya kawaida ikibanwa hapo ingesukuma mkondo bila mpaka, na bodi ingeungua.

Vijana wa vyuo huja pia na maombi yao, na baadhi wanataka kuundiwa kifaa cha kuvuta mvuke chenye wati za kurekebishwa. Mvuke wenye nikotini sina sifa nao, unafunga watu. Hesabu yake lakini ni ileile. James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, na kutokana na hilo wati ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Koili ya omu 1.2 kwenye betri iliyojaa volti 4.2 hutoa wati 14.7. Betri ikishuka hadi 3.4, koili hiyohiyo hutoa 9.6. Anayetaka wati 12 tangu mwanzo hadi mwisho anahitaji volti 3.8 muda wote, maana yake saketi lazima ishushe betri ikiwa imejaa na ipandishe ikiwa imechoka. Kichomeo cha kuchaji cha fundi kina shida hiyohiyo, na heri hesabu hiyo itumike huko.

Ruiru nimeona sanduku lililokwenda hatua moja mbele. Stima ikipotea, kazi haisimami, kwa sababu fundi amelifungia betri za 18650, zile za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Betri za ioni za lithiamu ziliingia sokoni kwa mara ya kwanza kupitia Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa msingi waliouweka. Za Ruiru zinatoka kwenye betri za laptopu zilizotupwa. Betri hizo mara nyingi zina seli sita, zimepangwa mbilimbili, na inayokufa huwa ni jozi moja. Nne zilizobaki bado zina miaka ndani yake.

Kuzichagua ndiko kunakochukua muda. Seli iliyokutwa chini ya volti 2 haichaji, hata ikionekana mpya. Nyingine anazijaza hadi 4.2 moja moja, akizishika kuona kama zinapata joto, kisha anaziandikia tarehe kwa kalamu na kuziweka rafuni kwa wiki kadhaa. Iliyoshuka sana bila kutumiwa inavuja ndani, na hiyo ina hatari ya moto. Huzibwa ncha zote mbili kwa selotepu na kwenda kwenye kopo la pembeni. Zilizosimama imara anazilinganisha, anachagua tano zinazofanana, anazifunga zikifuatana kupata volti 18.5, na juu yake anaweka bodi ya ulinzi inayokata umeme seli yoyote ikizidi au ikipungua.

Wenzake wameanza kumwomba awaundie. Anakubali mwenye sanduku akija mwenyewe na kichomeo chake. Kazi ya kwanza anayompa ni kung'oa resista kwenye bodi ya redio mbovu na kuzirudisha zote mahali pake, na kiungo kimoja kikitoka na rangi ya majivu, bodi nzima inaanzwa upya.