Barafu Isiyotiwa Wino: Uhakiki wa "Januari" ya Jan van de Velde wa Pili
Makala hii inahakiki picha ya Januari iliyochapwa kwa bamba la shaba na Mholanzi Jan van de Velde wa Pili mwanzoni mwa karne ya 17. Wapo wanaofasiri utelezaji juu ya barafu kuwa fumbo la maisha yasiyo na uthabiti. Fasiri hiyo inaifaa chapa ya Bruegel ya watelezaji wa Antwerp, ambayo baadaye iliandikwa maneno ya maana hiyo. Kuihamishia kwa Van de Velde ni pupa. Ufundi wake unasema jingine. Mistari imesongamana kwenye miti na nguo, ilhali barafu, kwa sehemu kubwa, ni karatasi tupu. Baridi ya Januari imo pale ambapo shaba haikuguswa, na hapo ndipo watu wanapoteleza.